Mama Aliyefichwa Jikoni Wageni Wasimwone

Jumatano. Chake Chake imelowa tangu alfajiri, na mimi situlii. Nimepika chai mara mbili, zote zimepoa.

Leo asubuhi niliwapeleka wageni kutoka ng'ambo, watu wa miradi ya maendeleo, kuona chumba cha kuzalia katika kituo kimoja cha afya huko kaskazini. Ni chumba ninachokitaja kila ninaposimama bungeni kuzungumzia haki za wanawake. Kilipendeza. Vitanda vitatu, mashuka meupe, na hakuna mzazi hata mmoja.

Nilifurahi. Ninaliandika hili kwa aibu.

Nikiwa katikati ya maelezo, Bi Salma, mkunga wa pale, akanivuta mkono. "Mheshimiwa, njoo nyuma mara moja."

Nyuma kuna banda la kupikia. Ndani, juu ya mkeka, mwanamke kijana alikuwa ameshika nguzo, uchungu umemkaza, jasho linamtiririka. Mama yake alikuwa akimkanda mgongo.

"Shikamoo, mama. Mbona mko huku?"

"Marahaba. Siye tumeambiwa tukae huku mpaka wageni wende zao."

Nikamgeukia Bi Salma kwa hasira. "Nani kasema?"

Akatazama chini. Hapo nikakumbuka: jana nilimpigia simu mkuu wa kituo, nikamwambia chumba kiwe safi na watu wasijazane.

Ni mimi.

Tulimnyanyua, mimi bega hili, Bi Salma bega lile, tukapita naye mbele ya wageni. Ofisa tuliyeongozana naye akaninong'oneza, "Mheshimiwa, ratiba." Nikamwambia awatoe wote, wakae barazani. Baadaye niliwafuata, mvua ikiwarashia, nikawaeleza kwamba mwanamke yule alifichwa kwa ajili yao na kwamba chanzo ni agizo langu. Mmoja wao aliirudisha kamera mkobani.

Mtoto wa kike alizaliwa kabla ya adhuhuri, mzima, alhamdulillahi. Ila mama yake alitoka damu nyingi, na Bi Salma alipambana kuizuia huku mimi nimesimama kama mti, sijui nishike nini. Ilikatika. Je, kama angekuwa bado bandani?

Swali hilo ndilo linalonizungusha nyumba nzima tangu nirudi.

Nilipokwenda kuaga, bibi wa mtoto hakunishukuru. Alinitazama tu, kisha akasema, "Leo umetuona. Na siku ambazo huji, mwanangu?"

Hotuba ninazo nyingi. Hapo nilimwuliza tu nyumbani kwao ni wapi.

Jumamosi nitarudi peke yangu, nikae na Bi Salma zamu nzima, nione kazi yake chumba kikiwa na watu. Kisha nitapita kwa yule bibi. Huenda asinikaribishe, na ana haki hiyo. Nitapiga hodi hivyo hivyo.