Saa ya Huku na Saa ya Kule

Baba Shadia,

Maharage yapo motoni, yaongeze maji. Dagaa wako juani, ukiona wingu waingize. Nimekimbilia mwaloni kumwahi fundi wa intaneti kabla hajapanda boti ya kurudi Kigoma.

Alisema atakuja saa tatu. Nimetoka bombani simu inasema saa mbili na nusu, nikajua bado. Kumbe amegonga mlango mpaka amechoka, Veneranda jirani ndiye kaniambia. Eti huku Mwamgongo simu ikinasa mtandao wa Burundi inarudi nyuma saa nzima! Mwezi mzima tangu tuhame Ujiji, wewe ulijua? Mbona hukusema? Simu nimeiacha hapa mezani, siiamini tena.

Nikimpata, intaneti inaunganishwa leo hii. Mama mzazi wa Goreth anapiga saa kumi kutoka Rumonge, kule Burundi alikorudi. Tangu wapoteane Kagunga walipokimbia Burundi, miaka minne, wamesikiana sauti mara moja tu. Leo anataka kumwona mwanawe uso.

~~Usimwambie Goreth kitu.~~ Mwambie. Avae lile gauni la Idi, mama yake aone mtoto ametunzwa.

Ila hiyo saa kumi ni ya huku au ya kule? Sikuuliza, na sasa sijui hata nimuulize nani. Basi akisikia adhana ya alasiri akae mbele ya simu, asiinuke mpaka aitwe. Hata magharibi ikiingia, mwache akae.

Mimi nitakaa pembeni, nisionekane.

Mama wa huku