Moshi Chini ya Mnara wa Baba

Jumamosi, 17 mwezi wa Tir

Unafanya kazi! Mnara wa upepo wa Baba unafanya kazi!

Saa nne asubuhi nimetundika shuka nyeusi ukutani, nimeweka taa pembeni, nimewasha mashine ya moshi chini kabisa ya tundu la mnara, pale linapofungukia kwenye dari ya chumba cha Baba. Moshi haukupata hata nafasi ya kusimama. Hewa ya juu imeukandamiza, ukalala sakafuni, ukapita kando ya godoro la Baba na kutokea mlangoni hadi uani. Picha ishirini na mbili. Kazini huwa napima hewa hivi kwenye shule na zahanati za watu, na picha tatu hunitosha. Leo hazikutosha.

Maana kaka yangu Kamyar ameshasema. Ijumaa anakuja na gari kutoka Tehran. Akiona kwa macho yake kwamba chumba kinapata hewa, Baba anabaki hapa Yazd. Asipoona, anamchukua wakakae wote ghorofa ya nane. Daktari naye kasisitiza: mapafu yale yameliwa na vumbi la udongo na chokaa miaka arobaini ya ujenzi, yanataka hewa inayotembea. Kipoza hewa tunacho, lakini umeme unakatika kila adhuhuri, na adhuhuri ndipo Baba anapobanwa. Mnara haujui mgawo wa umeme. Aliujenga mwenyewe, mwaka niliozaliwa.

Jioni nimepanda paani kuongea kwa simu na rafiki yangu Golnar wa Shiraz, nisisikike. Ofisi yao bado inanitaka, nianze mwezi ujao. Nimemwambia haiwezekani. Nimemwambia pia — basi tu, mtu akichoka husema — kwamba kama si Baba ningekuja hata kesho, kwamba huu mwaka wa sita sijalala usiku mzima. Nilikuwa nimeuegemea mnara, matofali bado ya moto. Nimelia kidogo. Nikashuka kumpa dawa.

Jumapili, 18 Tir

Sielewi.

Kamyar yuko kwenye simu, ananitazama kwa video. Nikawasha mashine. Moshi ukasimama! Wima, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Kisha ukapanda taratibu, ukatanda kwenye dari, ukabaki huko huko. Baba akaanza kukohoa, nikazima.

"Dada, hiyo ndiyo hewa yako?" Kamyar huyo. "Hicho si chumba, ni chungu cha kupikia."

Nikamjibu upepo umelala. Akacheka. Upepo haukulala! Nguo uani zilikuwa zinapepea.

Baba akaniambia polepole, "Mama, mnara umezeeka kama mwenyewe. Usijichoshe." Huku anachezea kamba ya pazia lake kama tasbihi. Baba yangu huyu, aliyewahi kumfukuza mteja kwa kuuita mnara wake bomba! Nikamwambia ng'ombe haelemewi na nunduye. Akaniomba radhi kwa usumbufu. Nikasema usumbufu gani, wewe ni nuru ya nyumba hii. Akasema hapana, nuru ni mimi. Nikasema hapana, ni yeye. Hivyo hivyo mpaka chai ikapoa. Nyumba hii tutakufa kwa adabu.

Jumatatu, 19 Tir

Nimechanganyikiwa kabisa.

Kipimo cha upepo nimekiweka juu paani, kwenye mdomo wa mnara: upepo mzuri, wa kaskazini-magharibi, unaingia ndani. Nimemulika tochi. Hakuna njiwa, hakuna kiota. Kile kifuniko cha mbao tunachofunga wakati wa baridi kiko wazi. Naona zulia la chumbani. Nimeshuka mbio, nimewasha mashine — moshi umesimama!

Kompyuta imenichorea mishale ya buluu, yote inashuka. Moshi unasema hapana. Nani mwongo?

Nikafikiri labda ni joto la mashine. Nimefunga nyuzi za hariri kwenye ufito, nikauinua chini ya tundu Baba akiwa amesinzia. Zinapepea! Zinapepea vizuri! Nikapiga kelele, Baba akaamka, nikamwambia tazama. Akatazama. Zikafa zote, moja baada ya nyingine, mbele ya macho yetu.

Mama mdogo Esmat, anayekaa mlango wa pili na kunisaidia kumgeuza Baba, hana shaka: ni jicho la watu. Katupa kwenye makaa mbegu za esfandi, za kufukizia husuda, kazungusha chetezo juu ya kichwa changu mara tatu. "Mnara mzuri, binti msomi — wewe mtoto unadhani watu hawana macho?" Moshi wake ukapanda juu moja kwa moja. Nikamweleza kwamba moshi wa makaa una joto, lazima upande, huo si ushahidi.

"Na huo wako unaosimama kama nguzo, ndio ushahidi?"

Nikarudi kwenye kompyuta.

Jumanne, 20 Tir

Mara tano. Mara tano umesimama. Baba kaniomba radhi mara tano.

Jumatano, 21 Tir

Niandike kama ilivyokuwa, labda nitaelewa.

Saa tano nilikuwa paani, nabadilisha betri ya kipimo. Nikasikia Baba anakohoa. Karibu, kama yuko begani kwangu. Kisha sauti ya mama mdogo Esmat, kila neno limenyooka: amwache binti wa watu afanye kazi yake, na hiyo kamba ya kifuniko itakuja kumtegua mkono.

Kamba ya kifuniko! Si ya pazia! Ndiyo anayoivuta nikiwasha moshi, tundu linazibika.

Na Baba: "Esmat, nimemsikia kwa masikio yangu. Jumamosi. Alikuwa analia. Mnara huu nimeujenga mimi, unaleta upepo na kila kilichomo. Mwache Kamyar aje anichukue."

"Utakufa huko ghorofani."

"Kwani hapa sitakufa? Huko angalau huyu atapata usingizi."

Nimekaa paani mpaka jua limenichoma. Binti wa mjenzi wa minara! Nimeitafutia siri yangu mahali pa kuificha, nikaenda kuimimina sikioni mwa Baba. Na utoto wetu wote, marehemu mama alikuwa akituita chakula kupitia tundu hilo hilo, tukiwa tunacheza paani.

Nilipoingia chumbani akaniuliza kipimo kinasemaje. Nikasema betri mbovu. Akasema pole, mama. Nikasema asante, Baba.

Alhamisi, 22 Tir

Kazini nimekosea hesabu ya madirisha mara mbili. Golnar kaandika, anataka jibu kabla ya Jumamosi.

Kumwambia Baba kwamba najua kuhusu kamba ni kumwambia kwamba najua alinisikia. Nikimwambia alisikia, itabidi niseme kwamba sikumaanisha. Je, sikumaanisha? Nampenda. Nimechoka. Yote mawili ni kweli, na hayakai chumba kimoja.

Na hili niliandike kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Jumapili, moshi uliposimama, kabla ya kuogopa nilifurahi. Kidogo tu, pumzi moja. Naona aibu. Yeye anavuta kamba kwa mkono ambao hauwezi hata kushika kijiko, na mimi nikafurahi.

Ijumaa, 23 Tir

Kamyar kafika saa tatu, na mto mpya wa kumwekea Baba kwenye kiti cha gari. Kapiga magoti, kambusu mkono. Si mtu mbaya, Kamyar. Anaogopa tu, kama mimi. Kasema tuone moshi, kisha tuamue, bila ugomvi. Baba kasema yeye yuko tayari kwa lolote, na ataona fahari kuwa mgeni wa mwanawe. Kayasema hayo akiwa ameilaza ile kamba chini ya kiganja.

Nikasema nakwenda paani kukagua kipimo. Nimepanda na mkasi.

Kamba inapita ndani ya mdomo wa mnara, mkono unaifikia. Nikiikata, kifuniko kinabaki wazi, moshi utalala sakafuni kama Jumamosi, Kamyar atarudi Tehran peke yake. Nikiiacha, Baba atavuta, na Kamyar atamchukua. Upepo leo ni mkali kuliko siku zote. Nimeishika kamba. Nimeisikia ikitikisika kidogo — alikuwa ameishika upande wa pili. Anajaribu kama haijakwama.

Nikaingiza kichwa kwenye mdomo wa mnara nimwambie. Baba, nimejua. Baba, usivute. Baba, baki. Yote yalikuwa mdomoni.

Nikasema, "Baba, chai utakunywa?"

Kisha kutoka chini, karibu kabisa: "Kama si shida, mama."

Basi niko jikoni. Birika halijachemka. Mkasi uko mfukoni, sijakata kitu. Mashine ya moshi imeshapata moto pale mlangoni. Kamyar kaita mara mbili: "Dada, lete moshi wako tuone!" Na sasa namsikia Baba anamwambia asinikimbize, nina kazi nyingi.