Mwenzangu wa Maji

Ziwa Cormier, Maine
11 Juni 2018

Shemeji Armand,

Hujambo. Mimi nipo. Goti linauma lakini napanda nalo mapaa hivyo hivyo. Sukari yako imetulia? Mkeo Yvette mzima?

Simu usipige, nimeikata. Kila aliyepiga alimtaka Noella, na nimechoka kuwaambia watu kwamba dada yako alishakufa.

Ile kambi yetu ya utotoni imeuzwa. Tajiri aliyenunua anataka uwanja mtupu, mabanda yote yashuke kabla ya theluji. Kazi nimepewa mimi. Kabla sijaanza, waliokuwa watoto wa kambi watakutana pale Agosti 18, mara ya mwisho. Watoto nasema, wote sasa tuna meno ya kununua. Bi Theriault wa filimbi, aliyekuwa akitulinda majini, yu hai na atakuwepo.

Nataka uje. Noella angekuwepo angenivuta mkono. Peke yangu siendi. Watu wa hapa wananiuliza hali, nikijibu wanaangalia viatu vyao. Wewe ulikuwa mwenzangu wa maji, na kwa upande wa Noella umebaki wewe tu.

Kitanda kipo.

Shemeji yako,
Rosaire


Yuma, Arizona
25 Juni

Rosaire, shemeji yangu,

Barua yako imenikuta salama, ila joto la huku linakaanga yai juu ya gari. Sukari inapanda inashuka kama wewe na mapaa yako. Yvette anakusalimia sana, anasema ule mboga.

Nimecheka peke yangu mpaka jirani akachungulia. Bi Theriault bado hai! Yule mama hata kifo kinamwogopa, kitaanza kwanza kumuuliza kama kinaruhusiwa kuingia.

Nitakuja. Niwekee maharage ya shimoni, yale yanayolala usiku mzima ardhini na nyama ya nguruwe. Huku ukiwaambia watu unafukia chungu wanadhani umezika mtu.

Tutakaa gatini tuongee habari za Noella mpaka mbu watufukuze.

Ni mimi shemeji yako,
Armand


Ziwa Cormier
30 Julai

Shemeji,

Salamu. Mimi mzima, goti vilevile.

Nimefua mashuka. Nimenunua chai ile unayokunywa. Kama umebadili chai, utakunywa hiyo hiyo. Njoo Ijumaa, tuamke pamoja.

Nimewaambia watu unakuja.

Shemeji yako,
Rosaire


Ziwa Cormier
21 Agosti

Armand,

Natumaini u mzima. Kama unaumwa, sema. Kama umekufa, Yvette aseme.

Ijumaa nilikaa barazani mpaka kiza. Jumamosi nikaenda mwenyewe, maana nilishasema naja na mtu na sikutaka waje kuniuliza nyumbani.

Walikuwa wengi. Maharage yalitoka vizuri. Soseji nyekundu zilikuwepo. Gil Ouellette, yule aliyekuwa akikojoa kitandani, sasa ana tumbo kama pipa na amewahi kuwa meya. Nikamwambia, "Meya, godoro limekauka?" Mkewe hakuwa anajua. Sasa anajua.

Mchana wakasema tuingie majini. Bi Theriault kawekewa kiti gatini, kavaa filimbi. Sheria yake unaijua, haingii mtu majini bila mwenzake. Tukajipanga wawili wawili kama watoto. Akanifikia.

"Pelkey. Mwenzako yuko wapi?"

"Yuko njiani, Bi."

"Njiani si majini. Kaa gatini."

Gil akasema, "Bi, aje kwetu, tuwe watatu."

"Wakiwa watatu, mmoja husahauliwa. Kaa gatini, Pelkey."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikakaa. Nina miaka sitini na saba na nilikaa.

Walikuwa wanarushiana maji. Kisha filimbi ikalia. Kila mtu akamshika mwenzake mkono, wakainua juu ili wahesabiwe. Nikajikuta na wangu uko juu. Nikajifanya najikuna kichwa.

Niliondoka kabla ya keki.

Wewe sema tu kilichotokea.

Rosaire


Yuma
9 Septemba

Shemeji Rosaire,

Nakusalimu kwa aibu. Afya ipo. Hilo siwezi kusingizia.

Nilifika. Nilipanda ndege mpaka Boston, nikakodi gari, Ijumaa nikalala motelini Bangor badala ya kwako, nikajiambia nitatokea kesho niwashtue. Jumamosi nikafika pale njia inapogawanyika, kulia wavulana, kushoto wasichana. Unakumbuka kila tuliposhushwa na basi, Noella alivyokuwa akigeuka kutupungia, halafu anaanguka kwa sababu haangalii anapokwenda. Nikazima gari. Nikamngoja ageuke. Mtu mzima mimi, nangoja.

Nikasikia filimbi. Nikasikia mnacheka. Nikaona wewe una watu pale, na mimi nitaingia na uso huu niwaharibie. Nikageuza gari.

Tena kuna jambo. Yvette aliondoka mwezi wa Machi, yuko kwa binti yetu, harudi. Zile salamu zake nilikuwa nazitunga mimi. Hata ya mboga.

Usinisamehe upesi.

Shemeji yako,
Armand


Ziwa Cormier
6 Oktoba

Shemeji Armand,

Salamu. Mimi mzima. Baridi imeanza.

Barua yako niliisoma nikakasirika, nikabomoa jiko la kambi lote siku hiyo hiyo. Hasira ikaisha. Jiko nalo likaisha.

Hukuharibu kitu. Hakukuwa na kitu. Mimi nilikuwa gatini na wewe ulikuwa garini, mwendo wa kutupa jiwe. Tungekaa hata hapo garini.

Upande wa wasichana niliuacha mwisho. Nimemaliza jana. Banda la Noella lilikuwa la kwanza ukitoka njiani, ulikuwa unajua? Sakafu yake ilikuwa nzima. Nilikaa juu yake nikala mkate, ndipo nikaing'oa. Sasa ni uwanja tu, ziwa linaonekana toka barabarani. Hakuna tena mahali pa kuja huku.

Kwa hiyo nakuja mimi. Basi linaondoka Jumatatu. Sitaki mboga. Sina siku ya kurudi.

Barua hii usiijibu. Ukikaa na kalamu utapata sababu. Na ukiandika, huku hakutakuwa na mtu wa kuipokea.

Shemeji yako,
Rosaire