Masika wa Plastiki

Alhamisi, 29 Mei. Vulamba, Butembo

Rangi nyeusi tena. Nimepaka ndani ya mwili wa mfano wangu wa chombo cha angani na bado mwanga unavuja. Nikiwasha, ubavu mzima unang'aa kama chupa ya mafuta. Madirisha yawake, sawa. Mwili usiwake. Plastiki ya bidoni, haya madumu ya mafuta, ni nyembamba, lazima ifungwe kwa rangi nyeusi ndani kabla ya kuipaka rangi ya fedha nje.

Chombo hiki nimekiita Masika. Kwetu Wanande jina hilo ni la mtoto wa kwanza wa kike, na hiki ndicho chombo changu cha kwanza chenye umeme. Vile vya zamani vimekaa juu ya kabati, vipofu vyote. Binti yangu mkubwa naye ni Masika, kwa sababu hiyohiyo. Anafundisha sayansi Beni. Hapa nyumbani tunasema Masika wa nyama na Masika wa plastiki. Mke wangu hacheki. Amekwenda kwa mama yake Kasugho kuvuna maharagwe, na nadhani pia kupumzika kutokana na harufu ya rangi.

Taa nimezitoa kwenye tochi zilizokufa. Za injini nimezikata kwenye viatu vya watoto, vile vinavyometameta mtoto akikanyaga. Madirisha ni nyuzi za nailoni za kuvulia samaki: taa imefichwa nyuma, kila uzi unabeba mwanga hadi tundu lake. Napenda kazi hii. Inaninyamazisha.

Jana radioni, kwenye kipindi changu, nilishambulia bureau, ofisi ya Bwana Ekofo, jirani yangu, afisa aliyeletwa kutoka jimbo la Équateur. Nilisema wananchi wanazeekea kwenye benchi lake. Nilisema vizuri. Leo hakunisalimu.

Ijumaa, 30 Mei

Masika wa nyama amepiga simu. Mkurugenzi wa shule yake anataka kumnyang'anya chumba cha Jumamosi, kile ambamo wanafunzi hufungua redio mbovu na kujifunza umeme. Anataka kukifanya stoo. Amesema ile siyo sayansi, ni jeu, mchezo tu. Masika akamjibu kwamba baba yake atatuma chombo cha angani, kitawashwa mbele ya wazazi Jumamosi ya wiki ijayo, halafu tuone nani atasema tena jeu. Mkurugenzi akakubali. Kikiwaka, chumba ni chake. Kisipowaka, stoo.

Ulimi huo hakuutoa kwa mama yake.

Nimekasirika mpaka nimejiunguza kidole. Jeu! Watu hawa wanasema tungoje kwanza amani, kwanza barabara, kwanza umeme, ndipo tuwaze nyota. Nimesoma riwaya za anga maisha yangu yote, zile zilizoachwa na mapadre ndani ya masanduku. Mtu aliyeshiba hawazi safari. Huwaza kulala. Sisi tusio na umeme, nani ana haki kuliko sisi ya kujenga chombo chenye taa?

Nitaisema hii radioni.

Jumapili, 1 Juni

Misa. Nilimwambia Mama Kavira, kiongozi wa kwaya, kwamba nyimbo zao zimekuwa ndefu kuliko dhambi zetu.

"Papa Masika," akasema mbele ya wote, "siku yako tutakuzika kimya. Bila hata alleluia."

Wakacheka wote, na padre pia.  Jibu nimelipata sasa, nikiwa peke yangu mezani. Halifai tena.

Jumatatu, 2 Juni

Nimefunga mwili. Kambale alikuja kuona. Ni rafiki yangu tangu shule, ananunua kakao Oicha, na kesho atanipitishia chombo hadi Beni. Umeme hakuna, kwa hiyo chuma cha kulehemu nilikipasha moto kwenye makaa, kama mtu anayechoma mahindi. Risasi ya kulehemia iliyeyuka vizuri. Waya zote nimezinyoosha, zimekazwa kama nyuzi za gitaa. Hakuna hata mmoja unaolegea. Nilijisifu.

Kambale hakunisifu. "Acha mulango chini ya tumbo. Lampe ikikufa, utaingilia wapi?"

Nikamwambia mshono ni aibu. Chombo chenye mshono ni sanduku.

"Ni yako," akasema. "Mi niko mubebaji tu."

Nikapaka gundi pande zote. Kikawaka. Madirisha yote, na injini zikimetameta nyekundu na buluu. Nilikaa nikitazama mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 3 Juni

Kimeondoka asubuhi. Kambale amekiweka kwenye kiti cha nyuma, ndani ya katoni, kimezungukwa na vipande vya godoro. Barabara ya Beni. Sina la kuandika juu yake ambalo mtu yeyote hapa halijui.

Simu imeisha moto, haina chaji. Naipeleka kwa Kasereka, kwenye kibanda chake cha kuchajia, kisha naenda radioni kwa miguu.

Jumatano, 4 Juni

Jana jioni sikuweza kuandika. Najaribu leo.

Nilitoka radioni mchana. Kwenye kona ya barabara yetu watu walinipisha. Hakuna anayenipisha Vulamba. Wanawake wakavua vitambaa vya kichwa. Nikaona bâche, turubai, imefungwa juu ya uwanja wangu, viti, wanaume wamekaa kimya, moto umewashwa katikati. Kilio. Nyumbani kwangu.

Nikauliza nani.

Kasereka, yule wa kuchaji simu, alikuja akilia kabisa. Ujumbe ulikuwa umeingia kwenye simu yangu. Simu ina namba ya siri, kioo kinaonyesha mstari wa kwanza tu. Aliusoma mstari huo, akafunga kibanda, akakimbia: *Papa Masika pole sana, Masika amekufa hapa Maboya.*

Walikuwa wameshampigia binti yangu. Simu yake ilikuwa imezimwa. Huizima akiwa darasani, najua hivyo sasa. Wakati ule sikujua kitu. Nilijua Maboya iko njiani. Nikawaza: amepanda kukipokea chombo. Amepanda kwa ajili ya bidoni zangu.

Nilikaa chini, kwenye udongo. Sikulia. 

Mtu alinishika chini ya makwapa akanikalisha juu ya benchi. Alikuwa Ekofo. Benchi lilikuwa lile la bureau yake, lile lile. Alilibeba yeye na askari mmoja, mtaa mzima. Nilijaribu kusema kitu, sijui nini, labda samahani.

"Tika maloba, papa," akasema. Acha maneno. "Ikala tu. Tuko hapa."

Mama Kavira alikuwa na kwaya nzima. Aliimba. Wimbo mrefu. Nilitaka usiishe, kwa sababu ukiisha mtu ataniuliza mwili uko wapi. Wengine walileta kuni, wengine unga wa mihogo. Mwalimu ambaye nilimwita mjinga radioni wakati wa Krismasi alikuwa anachota maji. Niliwatazama mmoja mmoja. Karibu wote nimewatukana. Nilitambua sura kwa matusi niliyowapa.

"Ulitusema ku radio," mama mmoja akaniambia, akinifuta vumbi kwenye magoti. "Lakini mutoto ni wa bote."

Ndipo Kasereka akakumbuka kunipa simu. Nikakosea namba, nikarudia. Ikafunguka. Ujumbe ni wa Kambale. Naunakili hapa wote, kwa sababu ninataka kuusoma mpaka nife:

*Papa Masika pole sana, Masika amekufa hapa Maboya. Barabara imemushinda. Lampe zote za madirisha. Zile za viatu zingali zinawaka. Nilikuambia uache mulango. Nimufikishe vile kwa binti yako ao nimurudishe?*

Nikasimama. Nikapiga kelele: "Ni fil! Ni fil, waya, imekatika!"

Walidhani akili imeniruka. Ekofo akanikumbatia kwa nguvu anizuie. Nikasema ni Masika wa plastiki, na ikawa mbaya zaidi, wanawake wakaanza kulia upya. Mwishowe nikampa Mama Kavira simu. Akausoma kwa sauti, polepole, hadi mwisho. Akainua macho juu ya kabati langu, linaloonekana kupitia mlango, vyombo vyangu vipofu vikiwa vimepangwa.

"Kwa hiyo," akasema, "tumelia bidoni?"

 Kisha mtu alianza kucheka, nyuma kabisa, na wote wakafuata. Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kasereka alijificha nyuma ya nyumba. Nilimfuata nikamshika mkono. Alikuwa amefunga kibanda chake akakimbia kwa ajili yangu. Nani mwingine nimlaumu, mimi niliyempa chombo jina la mtu?

Fufu ya ule unga ilikuwa imeiva. Ingeharibika. Tukala. Wakataka kuona vyombo, vikapita mkono kwa mkono, bawa moja likavunjika, sikusema kitu. Binti yangu alipiga simu tukiwa tunakula, akiuliza kwa nini watu wote wa Vulamba wamempigia. Nilisikia sauti yake. Nikampa Mama Kavira simu aendelee yeye. Baadaye nikamwandikia Kambale akifikishe chombo hivyohivyo.

Namshukuru Mungu kwamba Kasugho, aliko mke wangu, hakuna réseau ya simu.

Wakati wa kuondoka Ekofo alinyanyua benchi lake. "Ijumaa voiture ya bureau inashuka Beni. Kiti iko. Uende utengeneze mutoto wako." Akafikiri kidogo. "Lakini hapana kusema njiani."

Alhamisi, 5 Juni

Kipindi changu. Nilikuwa nimeandaa hoja juu ya wakurugenzi wa shule, kali, zimenolewa. Sikuzisoma. Nilisema asante. Nilitaja mtaa wangu, nikataja kuni, maji, benchi. Nilisema nimekosea watu wengi kwa namna ya kusema, ingawa siyo kwa hoja. Wasikilizaji wakapiga simu kuuliza kama ninaumwa.

Sijui kushukuru. Ninajua kushambulia. Nilitafuta maneno kama mtu anayetafuta kitasa gizani. Nikamaliza kabla ya muda, wakaweka muziki.

Hoja juu ya wakurugenzi nimezihifadhi. Bado ni kweli.

Ijumaa, 6 Juni. Beni

Nilinyamaza njia nzima. Ekofo alinitazama mara kwa mara, kama mtu aliyemkaribia mbwa aliyefungwa. Tulipofika akasema kwa Kifaransa kwamba hakuamini ningeweza.

Joto la Beni. Masika mlangoni. Alikuwa amejiandaa kunicheka, niliona usoni. Hakucheka. Nadhani nilimshika muda mrefu kupita kawaida.

Chombo juu ya meza yake. Nilipasha kisu kwenye mbabula yake, jiko la makaa, nikapasua tumbo. Gundi yangu nzuri. Harufu mbaya. Iliniuma kuipasua. Ndani, waya wa madirisha ulikuwa umekatika palepale ulipolehemiwa. Haukuchomoka kwa sababu ya lehemu mbaya. Ulivutwa. Gari lilirukaruka, mwili ukajipinda, na waya wangu uliokazwa kama uzi wa gitaa haukuwa na pa kwenda.

Masika alikuwa ananishikia taa ya simu. "Papa, hukuiachia jeu."

Ndivyo wasemavyo mafundi wa hapa: kitu kisichokazwa kina jeu, kina nafasi ya kucheza. Neno lile lile la mkurugenzi. Tulitazamana. Hakuna aliyehitaji kueleza. Nimebeba hasira juu ya neno hilo juma zima, na ndilo lililokosekana ndani ya chombo changu.

Nimelehemu upya. Kila waya sasa umelegea, unazunguka kidogo kabla ya kufika. Mbaya kutazama. Nimekata mlango chini ya tumbo, wenye mshono unaoonekana na kila mtu. Kambale akipita kutoka Oicha atauona. Atafurahi mwezi mzima.

Jumamosi, 7 Juni

Kimewaka.

Wanafunzi walifunika madirisha ya darasa kwa vitenge. Wazazi walijaa hadi mlangoni. Masika alieleza kwanza: njia ya umeme, plus na moins, chanya na hasi, kwa nini taa ya tochi inahitaji risistansi isiungue. Alieleza kuliko ninavyoeleza mimi. Hakumtukana mtu. Kisha akabonyeza.

Madirisha madogo, mengi, gizani. Injini ya kushoto haikumetameta. Sijui kwa nini. Hakuna aliyejua kwamba ilipaswa.

Mkurugenzi alikizunguka. Akainama, akaangalia mlango chini ya tumbo, akaufungua kwa ukucha, akachungulia ndani.

"Banaingiaka huku?" akauliza. Huwa wanaingilia hapa?

"Ndiyo, Monsieur le directeur," Masika akasema. "Banaingiaka huku."

Akaufunga taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto. Akasema ufunguo wa chumba ubaki kwa mademoiselle, yaani binti yangu. Akaondoka. Nilikuwa na sentensi kwa ajili yake, nimeibeba tangu Butembo. Masika alinikanyaga mguu.

Jumapili, 8 Juni

Misa ya kwanza na Masika. Wimbo mfupi hapa. Niliona umekatika haraka.

Mvua imenyesha, imeacha. Gari la Ekofo litarudi kesho. Chombo kinabaki, wanafunzi wamekwisha kupanga zamu ya kukifuta vumbi.

Tulikula nje, kibarazani. Aliniuliza watu walisema nini juu yake, ile Jumanne, walipodhani amekwenda. Nikamwambia. Kwamba alikuwa akisalimu wazee kwanza. Kwamba aliwahi kumtengenezea Mama Kavira redio, akakataa malipo. Kwamba Kasereka alilia kweli. Alisikiliza akitazama sahani yake. Kisha akajiongezea maharagwe.

Nilimtazama akila. Nilimtazama mpaka akauliza kama ana kitu usoni.

Nikamwambia hapana. Kula.