Alama za Penseli

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Mama kikohozi kimemwacha, na yule paka wako mwizi kazaa tena, safari hii ndani ya kofia ya Baba.

Shida ni Baba mwenyewe. Unakumbuka alivyotuchapa vidole tulipoandika kwa penseli kwenye ekzosi ya ndege? “Chaki tu! Alama ya penseli ikipata joto, chuma hupasuka, moshi humwingia rubani, akalala huko huko angani.”

Basi juzi nimefungua injini aliyoikagua yeye, nikakuta ekzosi imejaa alama za penseli. Alama zake zile zile za vema, zenye mkia mrefu.

Nilimwita aone, nikitumaini atakumbuka. Akafoka: “Mpumbavu gani huyu? Ataua watu! Mfukuze leo hii!”

“Sawa, Baba,” nikamjibu.

Ekzosi nimeibadilisha, na funguo za karakana nimezificha. Asubuhi hii kavaa ovaroli yake, kasimama mlangoni, ananihimiza tusichelewe kazini.

Sijui nimwambieje. Njoo, mdogo wangu, wakati bado anakutaja kwa jina.

Ni mimi dada yako,
ninayekungoja