Uji Bila Nazi

Jumatatu, 13 Agosti 1956

Nimechota maji mtoni, nimefua, nimepeta mchele. Baba bado yuko nyumba ya Mama Mdogo, mke wake wa pili. Zamu ya kule imekwisha, lakini tumbo limemshika humo humo, na mgonjwa hahamishwi. Anaharisha. Anatapika. Nimerudi likizo kutoka bweni la Ngao nikae naye, na yuko ng'ambo ya ua wa makuti.

Naona wivu. Neno nimeliandika. Basi.

Jumanne, 14 Agosti

Mama hawezi kupeleka sufuria kule. Kwetu chakula kibichi hupita ua, kilichopikwa hakipiti. Ukipeleka kilichopikwa umemwambia mwenzio hajui kupika. Kwa hiyo amenipa mchele wa mwaka jana na ndizi mbivu, akanituma na maneno. Mchele uchemshwe mpaka uvunjike, uji uwe mwepesi. Chumvi kidogo. Ndizi ipondwe. Maziwa tunayonunua kwa wafugaji Waorma yangoje kwanza. Na nazi isiguswe kabisa: tumbo la Baba likiugua halipatani na nazi. Aliugua hivi kabla sijazaliwa, Mama ndiye aliyemuuguza.

"Lakini usiseme nimekutuma mimi," akaniambia.

Nilimkuta Baba kalaza kichwa pajani mwa Mama Mdogo. Analishwa kwa kijiko, na anacheka, mgonjwa vile. Huyu mwanamke wa Kipini hajanipita sana kwa umri. Na Baba ndiye aliyenipeleka shule watu wakimcheka. Leo hakunigeuzia hata shingo.

Mama Mdogo, anayenitania hivyo kwa ajili ya shule, aliniona. "Bi Mwalimu, mbona umeganda mlangoni kama aliyesahau alichotumwa?"

Nikatua kapu. Nikarudi. Maneno nikarudi nayo.

Mama nimemwambia nimefikisha.

Jumatano, 15 Agosti

Harufu ya nazi imevuka ua tangu asubuhi. Kwao Kipini uji ni tui zito. Nilijua. Mama naye aliisikia. Akaacha kutwanga, akanitazama, akaendelea kutwanga.

Niseme kweli, hapa hakuna anayenisikia. Nilitaka Baba achoke na mkono wa yule. Nilitaka aseme, nirudisheni kwa mama wa Hadija, mama yangu mimi. Basi, hilo tu.

Alhamisi, 16 Agosti

Hakusema hilo. Hasemi kitu. Ametapika mpaka hana la kutapika. Macho yameingia ndani. Ami, ndugu yake, ametoka kutafuta mtumbwi wa kumshusha hospitali ya Ngao.

Nikaogopa. Nikakimbia kule.

Mama Mdogo yuko jikoni analia na anakuna nazi nyingine. Anadhani ya jana haikutosha. Anampika Baba kwa mapenzi, ndiyo mbaya zaidi.

Nikasema yote: mchele, chumvi, ndizi, maziwa, nazi. Akauliza nani kaniambia. Nikainama. Hakungoja jibu, alimwaga tui lote nje, kuku wakalikimbilia. Kisha akanishika mkono. Simpendi. Mkono sikuutoa.

Ijumaa, 17 Agosti

Uji umekaa tumboni. Ndizi nayo imekaa.

Jumamosi, 18 Agosti

Baba ameomba aongezewe. Mtumbwi umerudishwa kwa mwenyewe. Ami alipita uani kwetu akisifu: yule mke wa Kipini ana mkono wa dawa, kaka alikuwa anakwenda. Alisema mbele ya Mama, hana haya. Mama alisema Mungu ashukuriwe. Akamkaribisha maji.

Mimi nilitoka nje. Nilichemka kuliko sufuria. Ningefikisha maneno Jumanne, Ami angekuwa hana la kusifu. Sifa hizi Mama Mdogo nimempa mimi mwenyewe. Nimelia nyuma ya ghala, halafu nikaona haya kulia.

Jumanne, 21 Agosti

Baba yuko kwetu. Alivuka ua kwa miguu yake, polepole, akiegemea fimbo. Zamu ni ya Mama.

Tumbo lake bado si la samaki. Mama akampikia uji ule ule. Mwepesi, mchele umevunjika, bila nazi. Baba akaonja. Akaonja tena.

"Mzuri," akasema. "Umejifunza kwa mwenzio?"

Mama alikuwa anamenya ndizi.

"Ndiyo. Anajua kupika."

Nilifungua mdomo. Mama akanipa bakuli nikalioshe.