Mistari Kumi ya Friji la Chanjo

Mwenzangu, uko wapi? Nimejifungia chooni kazini.

Unaikumbuka ile programu niliyoitengenezea zahanati, ya kuonyesha hali ya friji la chanjo? Unabonyeza, inakuletea mistari kumi ya mwisho iliyoandikwa na mtambo wa kupima joto. Saa na joto, basi.

Saa na joto!! Tarehe niliitoa mwenyewe, eti mistari ilikuwa mirefu, inaharibu sura ya skrini.

Jumapili friji likazima na mtambo ukaacha kuandika. Skrini ikabaki na mstari wa mwisho: "Saa mbili asubuhi, joto sawa." Jumatatu sawa. Jumanne sawa. Leo Alhamisi, sawa!

Muuguzi mkuu kaja ofisini na simu mkononi. Hakufoka. Bora angefoka.

"Mwanangu, kila asubuhi nilikuwa naangalia hapa kabla ya kuchoma watoto sindano. Kila asubuhi."

Watoto arobaini na mmoja, na dawa ilikuwa imeshaharibika.

Nimepewa orodha ya wazazi niwapigie. Nimeshindwa kuifungua.

Ulisema wiki hii unampeleka mwanao. Niambie ulighairi.